Kicho, Kitisho na Haiba: Historia ya Maneno ya Hofu katika Kiswahili

Hofu ni za namna mbili. Iko hofu ya mtu aliyekutana na simba njiani, naye hugeuka akakimbia. Na iko hofu ya mtu aliyesimama ufukweni usiku akatazama bahari isiyo mwisho, naye hakimbii, bali hunyamaza. Hofu ya kwanza hutaka umbali. Ya pili humwinamisha mtu kichwa na kumwacha pale pale alipo. Hapana watu wasiozijua hofu hizi zote mbili, lakini si kila lugha iliyozitenga kwa maneno. Kiswahili kilizitenga, na historia ya maneno yake ni sehemu ya historia ya watu wa pwani na bara: wafalme waliowatawala, silaha zilizowapiga, na namna walivyojifunza kuyastahimili mambo yaliyowatetemesha. Historia hiyo yaonyesha kwamba maneno ya hofu hayakai mahali pamoja. Huzaliwa, hupanda, kisha hupoa. Na yakipoa huacha pengo ambalo wenye lugha yawapasa kulitazama.

Miongoni mwa maneno ya jamii hii, lenye asili ya kale sana ni kitendo kifupi mno, kucha. Lisichanganywe na kucha kwa jua, yaani kupambazuka, ijapokuwa matamshi ni mamoja. Kucha huku ni kuogopa pamoja na kutukuza. Mwenye kumcha Mungu huitwa mcha Mungu, hali yake ni uchaji, na hofu yake ni kicho. Katika shina hilo kilipatikana kitendo kuchelea, yaani kuhofia jambo, ambacho kimehifadhiwa katika methali isemayo: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na katika shina hilo hilo kilitoka kitendo kutisha. Udugu wa kucha na kutisha hauonekani upesi, kwa sababu sauti zimebadilika. Lakini lugha jirani zinautolea ushahidi. Katika Kiganda, okutya ni kuogopa, okutiisa ni kutisha, na ekitiibwa, ambalo ndilo neno la heshima na utukufu, limetoka katika hali ya kutendwa ya kitendo hicho, kana kwamba utukufu ni hali ya kuogopwa. Katika Kinyarwanda, gutinya ni kuogopa, na igitinyiro ni ile hali ya mtu ambaye wengine humstahi kwa hofu. Basi katika mawazo ya wahenga wa Kibantu, hofu na heshima zilichota maji katika kisima kimoja.

Kitendo kuogopa kina nasaba nyingine. Chatokana na shina la mwoga na woga, na nyumba aliyozaliwa mtu huonekana katika tabia zake. Woga ni upungufu. Mwoga huchekwa, ingawa wenye busara hukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Lakini mcha Mungu hakuchekwa kwa kucha kwake. Kicho hakikuwa aibu, kilikuwa sifa. Mtu aliweza kumwogopa mwizi, nyoka au mbwa mwenye kichaa, wala asingeweza kusema kwamba anamcha mwizi. Hapa ndipo mpaka ulipowekwa: kuogopa kwatazama madhara ya kitu, na kucha kwatazama ukubwa wa kitu. Chenye madhara bila ukubwa huogopwa. Chenye ukubwa huchewa hata kisipodhuru.

Maneno ya Kiarabu yalipoingia katika Kiswahili yalizidisha utajiri huu, na kila moja lilipewa kazi ambayo si lazima iwe ile iliyokuwa nayo kwao. Hofu lilikuja likawa neno la wastani, lisilo na aibu ya woga wala utukufu wa kicho. Hatari, ambalo katika Kiarabu lina maana ya jambo la kudhuru na pia ya jambo zito lenye cheo, lilibakiwa na maana ya kwanza peke yake. Kiama, ambalo katika asili yake ni kusimama, yaani kufufuka na kusimama mbele ya Mola, likawa pia jina la maangamizi yote makubwa. Tufani katika Kiarabu ni gharika; Waswahili walikuwa na neno gharika kwa ajili ya maji, wakalipa tufani kazi ya upepo na mawimbi. Tufani ndiyo iliyopiga Unguja mwezi wa Aprili mwaka 1872, ikang'oa mikarafuu ya kisiwa hicho kwa wingi kiasi cha kukifanya kisiwa cha Pemba, kilichosalimika zaidi, kiwe mahali pakuu pa karafuu tangu wakati ule.

Katika maneno hayo ya kigeni, mawili yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni ajabu, lenye wingi wake maajabu. Hili ni neno la mtu aliyepigwa na butwaa, naye bado hajaamua kama atakimbia au atasogea karibu. La pili ni haiba. Katika Kiarabu, haiba ni ile hofu ambayo mtu mkubwa huitia katika nyoyo za watu kwa kuonekana kwake tu, kabla hajasema neno wala kuinua mkono. Ni jirani wa karibu wa kicho, ila kicho ni cha yule atazamaye, na haiba ni ya yule atazamwaye. Pamoja na haiba liliingia adhama, yaani ukuu wenye fahari. Kwa maneno haya lugha ilipata njia ya kumweleza mfalme, ikulu yake, na maandamano yake.

Lugha haikutegemea msamiati peke yake. Sarufi nayo ilikuwa na chombo chake, nacho ni ngeli ya ukubwa. Nyoka akikuzwa huwa joka, mtu huwa jitu, na nyumba huwa jumba. Kwa kubadilisha mwanzo wa neno, kitu cha kila siku hutolewa katika kipimo chake na kusimamishwa mbele ya msikilizaji kikiwa kikubwa kuliko awezavyo kukizoea. Wasimulizi wa hadithi walikitumia sana chombo hiki. Lakini kina pande mbili: jitu laweza kumstaajabisha mtu, na laweza pia kumchukiza, maana kilichozidi kipimo hakikosi dharau ndani yake. Jumba ni fahari ya mwenye nalo, na mara nyingine ni kejeli ya jirani. Hata katika sarufi, basi, hofu na heshima zilikaa mlango kwa mlango.

Tofauti iliyopo kati ya maneno haya haikuwa ya wanafunzi na waalimu peke yao. Ilionekana mjini Unguja katika mawe na baruti. Mwaka 1883 Seyyid Barghash bin Said alijenga mbele ya bahari jumba la kufanyia sherehe, lenye nguzo na roshani zilizolizunguka, nalo likaitwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Jina hilo lilichaguliwa vema. Halikusema kwamba nyumba ni ya nguvu, wala kwamba ni ya vita. Lilisema kwamba atakayeiona atastaajabu. Mgeni aliyeingia bandarini aliliona kwanza jumba hilo kabla ya kuona kitu kingine. Huo ni utawala wa haiba: mtawala hampigi mtu, humfanya atazame juu.

Palikuwa na mizinga pia, na neno mzinga lina hadithi yake. Mzinga kwa asili ni gogo lililochimbwa ndani likawa wazi, ambalo hutundikwa mtini ili nyuki waingie wafanye asali. Wareno, ambao waliishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, ni miongoni mwa watu waliovuma pwani kwa bunduki zao kubwa. Na watu wa nchi waliitazama silaha ile ndefu, ya mviringo, yenye uwazi ndani na mvumo, wakaiita kwa jina la chombo cha asali. Hii ni desturi ya lugha nyingi zikabiliwapo na kitu cha kutisha: hukitafutia ndugu nyumbani. Aliyekwisha kukipa kitisho jina la kitu anachokijua amekwisha kukipunguza. Na mzinga, kwa kuwa katika mikono ya wafalme, ulikuwa na kazi mbili. Uliua vitani, na katika sikukuu na kuwasili kwa wageni ulipigwa bila risasi, kuwa salamu ya heshima. Mlio ulikuwa ule ule. Kwa salamu ulitia haiba, na kwa vita ulitia kitisho.

Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia ikulu akajitangaza kuwa Sultani bila ya idhini ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Unguja chini ya himaya yao. Alipewa muda hadi saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti awe ametoka. Hakutoka. Manowari tano za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya ikulu. Mojawapo iliitwa Sparrow, yaani shomoro. Mara baada ya saa tatu mizinga yao ilianza kupiga, na haikutimiza dakika arobaini na tano kabla ya vita kwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Seyyid Khalid waliuawa au walijeruhiwa, na kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa mtu mmoja. Seyyid Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, na Seyyid Hamoud bin Muhammed akaketishwa katika kiti cha enzi.

Katika asubuhi ile utawala wa haiba ulipinduliwa na utawala wa kitisho. Si kwamba masultani wa kwanza hawakuwa na ukali. Walikuwa nao, na watumwa wa mashamba ya karafuu waliujua kuliko wote. Lakini mbele ya macho ya mji walitaka kutazamwa kwa kicho. Manowari hazikuhitaji kutazamwa kwa namna hiyo. Kazi yao ilikuwa kudhihirisha madhara, na kwa hiyo yaliyowapata watu wa Unguja yalikuwa ni kuogopa na kutishwa, na hapana sababu ya kuyaita kwa jina jingine. Beit al-Ajaib yenyewe ilisalimika, ijapokuwa majumba ya karibu yake yalibomolewa. Ikabaki imesimama peke yake mbele ya bahari kama neno la kale katika lugha iliyobadilika.

Upande wa bara, kitisho kilikuja kwa sauti mpya. Bunduki ya Wadachi iliyotema risasi mfululizo haikupewa jina la chombo cha nyumbani. Iliitwa bombomu, kwa kuufuata mlio wake. Hii ni njia ya pili ya lugha. Mtu asipopata kitu cha kufananisha, huiga sauti, na kuiga sauti ni dalili kwamba akili bado haijapata mshiko. Sikio limesikia, na jicho halijui limeona nini.

Jibu lililotolewa kwa bombomu katika mwaka 1905 lilikuwa ni neno. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji, na imani ikaenea kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Vita vilianza mwezi wa Julai katika vilima vya Wamatumbi, kwa kung'oa pamba iliyolimwa kwa kushurutishwa, na vikaenea kusini mwa nchi, katika makabila yaliyokuwa hayajapata kushikana mkono. Msingi wa umoja huo ulikuwa neno ambalo kila mtu alilijua tangu utotoni, na ambalo halina hofu hata kidogo ndani yake. Maji hunywewa, maji huoshwa, maji huombwa wakati wa kiangazi. Kuita kwa jina la maji kitu kitokacho katika mdomo wa bombomu kulikuwa ni kukivua kitisho chake mbele ya watu wote. Kinjeketile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi ule, mbele ya boma la Mahenge, wapiganaji waliokuja kwa wingi mkubwa walikutana na bombomu, na risasi hazikuwa maji. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na njaa iliyofuata, ambayo Wadachi waliisababisha kwa kuchoma vyakula na mashamba, iliua zaidi ya risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 hadi 300,000. Neno lilishindwa kuzuia chuma. Hata hivyo, lilikuwa limefanya jambo ambalo chuma hakikuweza kulifuta: lilikuwa limeonyesha kwamba woga wa watu wengi waweza kuondolewa kwa siku moja ukipatikana usemi wa kuuondoa. Vita vyenyewe havikuchukua jina la silaha ya mshindi. Vilichukua jina la dawa ya walioshindwa, vikaitwa Maji Maji.

Historia ya kiboko ni fupi zaidi, nayo yafundisha jambo jingine. Kiboko ni mnyama wa mitoni. Katika ngozi yake ulikatwa mjeledi, nao ukaitwa kwa jina lake. Katika utawala wa Wadachi, mjeledi huo ulikuwa adhabu ya kawaida ya Mwafrika, na hesabu ya viboko 25 ilivuma hata ikawa na jina lake, hamsa ishirini. Hapana shaka kwamba kwa mtu wa zamani zile neno kiboko lilitia baridi mwilini. Leo mtu aliye hodari kuliko wenzake katika mchezo, katika mapishi au katika hesabu husifiwa kwa kuambiwa kwamba yeye ni kiboko. Mnyama alikuwa mjeledi, mjeledi ukawa sifa, na atamkaye sifa hiyo mara nyingi hakumbuki mgongo wa mtu yeyote.

Njia hiyo ndiyo iliyopitiwa na maneno mengi. Balaa, ambalo ni msiba ashushiwao mtu kwa kujaribiwa, sasa husemwa kwa furaha juu ya mwimbaji apendwaye. Hatari husemwa juu ya chakula kitamu. Mchezaji wa mpira aliyefunga mabao matatu husemwa kuwa ametisha, na washabiki wasemao hivyo hawana hofu, wana shangwe. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni uharibifu wa lugha uliofanywa na vijana. Maoni hayo hayana nguvu, kwa sababu wahenga walifanya vivyo hivyo walipoiita silaha ya kuua kwa jina la mzinga wa asali, na jamii ya baadaye ilifuata njia yao ilipoiita kifaru ile gari ya vita ya chuma. Kuicheza hofu kwa ulimi ni katika njia za watu dhaifu za kuishi na vitu vyenye nguvu. Aliyekwisha kukifanya kitisho kuwa utani hakikimbii tena.

Lakini kila kilichopoa kimeacha baridi mahali pake. Haiba limepoa kuliko yote. Katika Kiswahili cha leo haiba ni uzuri wa sura, mwenendo wa kupendeza, au jumla ya tabia za mtu kama zinavyoelezwa katika vitabu vya elimu ya nafsi. Ile hofu iliyokuwa kiini chake imeondoka. Kicho nacho hakikupoa, bali kimejifungia. Kimekaa msikitini na kanisani, na nje ya ibada hakisikiki ila kwa nadra. Mahali palipoachwa na maneno hayo mawili pamejazwa na heshima, neno jema ambalo katika asili yake ya Kiarabu lahusu haya na staha, wala halina nafasi ya kutosha ya kubeba tetemeko. Kwa hiyo msemaji wa leo atakaye kueleza mtu au kitu kinachomwinamisha bila kumfukuza hulazimika kuchagua kati ya neno lililo kali mno na neno lililo pole mno: ama kiliogopesha, ama kiliheshimiwa.

Uchaguzi huo una gharama yake katika uandishi wa historia. Katika kumbukumbu za watawala mara kwa mara hupatikana madai kwamba raia waliwaheshimu, na ushahidi unaotolewa ni kwamba raia walinyamaza, walisimama wapitapo, na walitii. Lakini mtu hunyamaza mbele ya bahari, na hunyamaza mbele ya bombomu. Kimya ni kimoja, na sababu ni mbili. Mwandishi asiyekuwa na maneno ya kuzitenga sababu hizo atamwandikia mtawala heshima ambayo kwa kweli ilikuwa ni woga, na msomaji atakayemfuata ataamini kwamba nchi iliridhika. Kadhalika atakosea upande wa pili: atakuta watu waliomwinamia mganga, mzee au mfalme wao kwa kicho cha kweli, naye atasema walikuwa wameogofywa tu, kana kwamba hawakuwa na uwezo wa kuona ukubwa na kuukiri kwa hiari. Mpaka uliokuwako kati ya kucha na kuogopa si pambo la kamusi. Ni mizani ya kupimia utawala.

Maneno yenyewe hayajafa. Kicho kimo katika kamusi, kitendo chake kingali kikinyambuliwa, na kila mwenye kusema Kiswahili hulifahamu neno mcha Mungu bila ya kuelezwa. Linalohitajika si kubuni msamiati, bali ni waandishi na wanafunzi kulitoa neno hilo nje ya ua wa ibada na kulitumia pale linapostahili, na kukataa kulitoa pale lisipostahili. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati lilipokuwa likitengenezwa, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba lililosalimika katika mizinga ya mwaka 1896 lilishindwa na umri wa mawe yake. Waliokusanyika siku ile kutazama kifusi hawakuwa na Sultani wa kumwogopa wala manowari ya kuikimbia, walisimama, wakanyamaza. Kwa kimya cha namna hiyo, Kiswahili kilikwisha kuwa na neno.